Gesi Iliyokwenda Mnadani

Mwamba hautembei. Eliwaza Ntandu alilijua hilo hata kabla ya kusomea jiolojia, maana alizaliwa Iramba, nchi ya majabali, na jabali ulilolikalia jana ukichunga mbuzi utalikuta pale pale kesho, na wajukuu zako watalikuta. Ndiyo maana siku ile, alipoiweka picha ya Jumamosi kando ya picha ya Alhamisi, mwili ulimsisimka.

Gesi ilikuwa imehama.

Alhamisi lile doa la rangi ya chungwa lililowapa matumaini wote kambini, lililolala chini sana ya mbuga ya Wembere, lilikuwa limetapakaa kama maharage yaliyomwagika sakafuni, punje huku, punje kule. Jumamosi lilikuwa limejikusanya mahali pamoja, nene, linang'aa, kaskazini ya kijiji cha Labargwa. Jumapili likatawanyika tena.

Akanyanyuka, akazima mashine, akaiwasha upya. Picha zikarudi vile vile.

Kwa miaka mingi bonde lile halikuwa na wa kulitazama. Wataalamu wa zamani walipiga mistari yao michache juu ya mbuga, wakaona matope na magadi, wakaenda zao kwenye mabonde yenye majina. Kilicholirudisha Wembere kwenye midomo ya wakubwa ni chembe. Zilitengenezwa ndogo kuliko vumbi la unga, zikachanganywa na maji na kusukumwa ndani ya visima virefu vya utafiti, zikapenya nyufa za mwamba hadi kusikofikika. Halafu lori la nyundo, lenye bamba la chuma tumboni, liliigonga ardhi taratibu, na kila chembe ikajibu. Ikiwa ndani ya maji ilijibu kwa sauti nyembamba. Ndani ya jiwe kavu ilijibu kwa mkato, kama jino linalogongwa na kijiko. Ndani ya gesi ilijibu kwa sauti nene, ya chini, inayochelewa. Kazi ya Eliwaza ilikuwa kuyapokea majibu hayo, amejifungia peke yake kwenye hema la mashine, na kuyageuza picha, kisha kusema bonde lina nini na lina kiasi gani.

Na kwa wiki kadhaa tangu afike alikuwa akisema lina gesi nyingi. Nyingi ajabu.

Alimkuta Mhandisi Kagaruki, mkuu wa kambi, ameketi kivulini nje ya hema lake akinywa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Alikuwa Mhaya mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuhubiri, na tangu kambi ifunguliwe, mwaka uliopita, alikuwa hajaonekana asubuhi bila kikombe kile.

"Mhandisi, gesi inahama."

"Gesi yote huhama, Eliwaza. Ndiyo tabia yake. Inapita kwenye nyufa."

"Inakwenda Jumamosi na kurudi Jumapili?"

Kagaruki alicheka, akafuta ndevu. "Basi saa za mashine zimepishana. Zirekebishe. Wiki ijayo tunapiga Pigo Kuu, na wakubwa wanataka kujua ujazo, siyo vituko."

Pigo Kuu lilikuwa ndilo la kuhitimisha. Yale ya kila siku yalikuwa kama kubisha hodi, mtu aliyesimama jirani na lori hakuyasikia hata kwa nyayo. Pigo Kuu lingekuwa kama kuuvunja mlango.

Eliwaza alirekebisha saa. Doa likaendelea kuhama. Mwishowe akaichukua ramani ya wilaya, ile yenye maboma na njia za mifugo, akaitandaza juu ya picha ya Alhamisi. Kila punje ya rangi ya chungwa ilikaa juu ya boma. Hakuna iliyokosea. Akaitandaza juu ya picha ya Jumamosi, na mahali doa lilipojikusanya pakawa na neno moja dogo: mnada.



*

Jumamosi iliyofuata alikwenda mnadani mwenyewe. Alichukua redio ya mkononi, akamwambia dereva wa lori la nyundo amjulishe atakapokuwa anagonga pigo la mchana.

Mnada wa Labargwa ulikuwa umechangamka. Vumbi la ng'ombe lilisimama juu ya uwanja kama moshi. Wanaume wa Kidatoga, wamejifunga migolole, waliegemea fimbo zao wakibishana juu ya fahali mmoja mwenye baka jeupe. Mchinjaji alikuwa akitenganisha mbavu za mbuzi. Mama mmoja alikuwa akimimina chai, na kwenye banda la mitumba redio ilipiga muziki kwa sauti ya kupasuka.

Mkononi mwa Eliwaza redio ikakoroma. "Dada, nagonga sasa."

Na mnada ukanyamaza.

Haukupungua kelele kidogo kidogo. Ulikatika, kama uzi. Mkono wa mchinjaji ulisimama na kisu kikiwa ndani ya mbavu. Mzee aliyekuwa akicheka alibaki na meno nje. Kisha midomo yote ikafunguka nusu, na kutoka vifuani ikatoka sauti moja, nene, ya chini, isiyopanda wala kushuka. Ng'ombe nao waliitoa. Eliwaza aliisikia kwenye mifupa yake kuliko masikioni. Aliijua sauti ile. Alikuwa ameitazama kwenye mashine tangu siku ya kwanza, imechorwa kwa rangi ya chungwa.

Kilichoendelea kutembea katika uwanja ule ni nzi peke yao, na muziki wa redio. Na chai. Mama yule aliendelea kumimina. Kikombe kilijaa, chai ikafurika juu ya vidole vyake, ikatiririka mpaka kiwiko, ikitoa mvuke, na uso wake haukukunja hata ukope.

Halafu vyote vikarudi. Fahali akalia, mzee akamaliza kicheko chake, na mama wa chai akapiga ukelele, akatupa birika.

"Nani kanimwagia? Nani kanimwagia jamani?"

Eliwaza alimkimbilia kijana muuza mitumba aliyekuwa karibu. "Mlikuwa mnaimba nini?"

"Nani kaimba?" Kijana alimtazama juu mpaka chini. "Dada, jua limekupiga. Njoo ukae."

Hakuna aliyejua. Alipowauliza watatu, wanne, wote walimwonea huruma. Akajiondoa mpaka pembeni kabisa ya mnada, alikokaa mwanamke peke yake na dumu la maziwa, kichanga kimefungwa mgongoni. Alimjua. Ni Udahinda, aliyepeleka maziwa kambini kila asubuhi. Eliwaza hakuwahi kuyanywa. Tumbo lake lilikuwa na vidonda, daktari alimkataza maziwa, na maji alikunywa ya chupa kutoka mjini. Wenzake kambini walimtania kwa hilo.

"Mbona umekaa mbali na watu?" Eliwaza alimwuliza, ili aseme chochote.

"Hawanunui kwangu, dada. Nyie wa kambini ndio mnanunua, kwa kuwa hamjaambiwa." Udahinda aliongea bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia. "Mume wangu, Gwaydesh, alikuwa na bodaboda. Alikuwa haonji pombe. Siku moja mchana kweupe, barabara kavu, akafika kwenye kona ya korongo asikate kona. Akanyoosha tu. Waliomwona wanasema hakushika breki, alikaa wima kama mtu aliyelala macho wazi. Shemeji yangu Gesoda akasema mtu haendi hivyo bila mkono wa mtu. Mkono wa nani? Wa mke. Wakanitoa bomani na mimba yangu."

"Ilikuwa lini?"

"Mwaka jana. Siku zile lori lenu lilipoanza kuzunguka. Nakumbuka kwa sababu alitoka kulitazama."

Eliwaza alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo. Aliyaona yamejipanga. Lakini aliwaza atasemaje mbele ya dumu lile na kichanga kile, na ataulizwa nini baada ya hapo, akaufunga. Alinunua maziwa ambayo asingeyanywa, akaondoka.

Njiani alimaliza kuielewa. Maji ya visima virefu yalikuwa yamepanda kwenye nyufa mpaka visima vya kunyweshea mifugo, yakapanda na chembe. Ng'ombe wamekunywa, watu wamekunywa, na mlaji wa nyama na mnywaji wa maziwa naye kapata fungu lake. Zimetulia vifuani, na kila lori likigonga hujibu zote kwa pamoja, zikimzima aliyezibeba. Mashine ilifundishwa kwamba kila jibu linatoka kwenye mwamba. Haikufundishwa kwamba juu ya ardhi kuna kitu laini kinachotembea, chenye mifuko miwili ya hewa ndani yake. Nyama huchelewesha sauti. Ule ucheleweshaji mashine iliusoma kuwa ni kina. Hazina yote aliyoitangaza yeye, na ujazo uliowafanya wakubwa wapeane mikono, ulikuwa pumzi za watu wa Labargwa.

*

Kagaruki hakumwamini. Hakumkasirikia pia.

"Umechoka," alisema. "Nenda kapumzike nyumbani siku mbili."

"Twende wote kijijini, mhandisi. Saa ya pigo la mchana. Usiponiona mkweli, naondoka kambini leo leo na nafasi yangu mpe mwingine."

Walikwenda kwa gari, wakaegesha kando ya josho la ng'ombe. Watu wachache walikuwa wakiogesha mifugo. Kagaruki aliegemea boneti, akakunja mikono kama mzazi aliyeitwa shuleni kusikiliza upuuzi. Eliwaza alitoa simu, akaanza kurekodi josho.

"Nagonga sasa," redio ikasema.

Wale watu wakasimama. Ng'ombe aliyekuwa ndani ya josho akasimama, maji ya dawa yakimfika puani. Sauti ikaanza.

Lakini sauti moja ilikuwa karibu mno.

Eliwaza aligeuka taratibu, simu ikiwa bado mkononi. Mhandisi Kagaruki alikuwa ameegemea boneti vile vile, mikono imekunjwa, macho yanatazama mbele bila kutazama kitu. Mdomo wake ulikuwa umefunguka nusu. Ile sauti ya kuhubiri, sauti aliyoipenda kila mtu kambini, ilitoka kifuani mwake nene na tambarare, ikiungana na ya ng'ombe.

Kisha akapepesa macho.

"Haya," alisema. "Atagonga saa ngapi? Jua kali."

 Eliwaza alihisi yuko peke yake kuliko alivyowahi kuwa katika maisha yake, kama mtu aliyeachwa macho ndani ya nyumba ya waliolala. Angeweza kusema hakuna kitu, nimekosea, twende zetu. Angemwacha mzee wa watu na amani yake. Akazitazama ndevu zake zenye ukoko wa maziwa, akampa simu.

Kagaruki aliangalia mara moja. Akairudisha mwanzo, akaangalia tena. Aliketi kwenye bampa la gari.

"Ifute," alisema.

"Mhandisi."

"Sikuambii kama mkuu wako. Nakuomba." Alikuwa ameweka kiganja kifuani, kama anayesikiliza mlango. "Zinatoka?"

"Hazitoki. Zilitengenezwa zisitoke. Unajua."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Akashusha pumzi, kisha akaanza kuongea, na Eliwaza alimwona yule mhandisi akirudi, yule anayepima na kupanga. "Basi nisikilize. Pigo Kuu halipigwi. Hilo nina mamlaka nalo. Nitasema lori limeharibika. Wewe utaandika tathmini kwamba bonde ni tupu."

"Ni tupu kweli. Nimehesabu upya. Ukiondoa watu, kuna maji ya chumvi na matope."

"Vizuri. Hatudanganyi. Tunafunga kambi, tunaondoka, nyundo inaondoka. Bila nyundo chembe ni mchanga tu. Watu wanaishi."

"Na hawaambiwi?"

"Uwaambie nini? Kwamba wana kitu kifuani kisicho na dawa? Utakuwa umewapa ugonjwa ambao hawakuwa nao asubuhi." Aliangalia josho. "Halafu kuna jingine. Mkataba wewe ulisaini, na mimi nilisaini. Kila chembe ni mali ya kampuni, popote itakapokutwa. Wakijua makao makuu, unadhani wataleta madaktari? Wataleta nyundo nyingine. Watu wanaojibu kutoka kila kona ya nchi, wanaotembea wenyewe! Kwao huyu mama anayeogesha ng'ombe hatakuwa mtu, atakuwa kisima cha utafiti. Ukimya ndio uzio wao, Eliwaza. Usiuvunje."

Hayakuwa maneno ya mtu mbaya, na hapo ndipo yalipomwelemea. Eliwaza aliyapima moja moja, na kila moja lilikuwa na uzito wake.

"Hili ni bonde la ufa," alisema mwishowe. "Ardhi hutetemeka yenyewe. Tetemeko likija halitauliza kama kambi imefungwa. Atakayekuwa kisimani ataingia kisimani. Atakayekuwa na mtoto karibu na moto..." Hakumaliza. "Gwaydesh wa bodaboda hakurogwa, mhandisi. Tulimgonga sisi. Na mkewe amefukuzwa kwa ajili yetu."

Kagaruki alifumba macho.

"Ukiwaambia," alisema polepole, "nitakuwa nimekaa upande gani? Wako au wao?"

Lile halikuwa swali la kujibiwa na mwingine.

*

Alianza na Udahinda. Alimfuata kwenye kibanda alichopewa na wamishonari nje ya kijiji, akamweleza yote, kuanzia chembe mpaka korongo. Hakupunguza kitu. Udahinda alisikiliza akikamua mbuzi, na mikono yake haikuacha kukamua.

"Kwa hiyo ni nyie," alisema.

"Ni sisi."

"Hukujua?"

"Sikujua. Nilipojua, siku ile mnadani, niliondoka bila kukuambia. Niliogopa."

Udahinda alisogeza kibuyu cha maziwa kando kwa mguu, asikimwage, asikitazame. "Mimi nimelala na neno mchawi mwaka mzima, dada. Nilifika mahali nikajiuliza labda kweli, labda mtu anaweza kuroga usingizini asijue. Twende ukamwambie Gesoda. Umwambie hivyo hivyo, usipambe."

Kijiji kilikutana kwenye uwanja wa shule alasiri. Eliwaza alisimama mbele yao akasema. Mara mbili walimzomea. Mtu mmoja aliuliza kama serikali inajua anachokisema; mwingine akasema mwanamke huyu amelishwa kitu na yule mjane. Gesoda, mtu mnene mwenye ndoto za uenyekiti, aliinuka na fimbo yake.

"Unasema nilisimama kwenye mnada nikanguruma kama ng'ombe, na sikumbuki?"

"Ndiyo, kaka."

"Na mdogo wangu alikufa hivyo?"

"Ndiyo."

"Maneno ni upepo. Tuonyeshe."

"Siwezi kuwagonga tena bila ridhaa yenu," Eliwaza alisema. "Tuliwagonga mwaka mzima hamjui. Safari hii semeni nyie."

Waliteta wao kwa wao kwa Kidatoga, muda mrefu. Wakati wanateta, gari la kambi likaingia uwanjani. Kagaruki alishuka peke yake, akatembea mpaka kwenye mkutano, na watu wakampisha wakidhani anakuja kusimama mbele. Hakusimama. Alitafuta nafasi kati ya wanaume, akakunja suruali yake, akaketi chini.

"Mimi ninazo pia," alisema. "Nimejiona kwenye simu. Sikutaka mwambiwe, na huyu dada hakukubaliana nami. Lori liko tayari kwa pigo dogo kama lile la kila siku, na mkikataa linaondoka."

 Hatimaye Gesoda akasema, "Ligonge. Moja. Tukiwa tumekaa."

Basi wakajiandaa, na maandalizi yale Eliwaza hakuyasahau maisha yake yote. Walizima moto kwenye mafiga ya uji wa shule. Waliwafunga ng'ombe mbali na kisima. Wazee walisaidiwa kuketi, wenye visu walivichomeka ardhini mbali nao, na mama wajawazito waliwekwa katikati. Walifanya hivyo kimya, kwa uangalifu, kama watu wanaojiandaa kwa mvua kubwa. Udahinda alikuwa wa mwisho. Alifungua kitenge mgongoni, akamtoa mtoto, msichana wa miezi michache, akampa Eliwaza.

"Wewe ndiye utakayebaki," alisema. "Mshike."

Kisha akaenda kuketi na wengine, si pembeni, bali katikati, na hakuna aliyesogea.

Eliwaza aliegemeza simu kwenye dirisha la darasa ili iwarekodi wote. Kagaruki alitoa amri kwenye redio, akaiweka chini taratibu.

Nyuso zikazimika.

Wote, kwa pamoja. Macho yakabaki wazi yakitazama upande mmoja, kule lilikokuwa lori, ingawa lilikuwa mbali lisionekane. Ile sauti ikapanda kutoka kwenye vifua vya uwanja mzima, na vioo vya madarasa vikaanza kuitikia. Kagaruki alikuwamo. Gesoda alikuwamo, mdomo umelegea, ute ukimshuka kidevuni. Eliwaza alitaka kukimbia. Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba anaogopa.

Hapo ndipo alipohisi kitu kwenye mkono wake. Mtetemo, mdogo, kama wa paka.

Akatazama chini. Kile kichanga, ambacho hakijajua hata kusema mama, kilikuwa kimefumbua macho. Hakikumtazama yeye. Kinywa chake kisicho na jino kilikuwa wazi, na kutoka ndani yake ilitoka sauti ile ile, nyembamba kidogo kwa udogo wa kifua, ikiwafuata wakubwa bila kukosea. Mtoto huyu alikuwa hajazaliwa visima vilipochimbwa. Hakuwahi kunywa maji ya kisima chochote.

Eliwaza alimkumbatia, akajikuta anambembeleza, kama vile ni kilio.

Sauti ikakatika. Watu wakapepesa macho, wakatazamana.

"Bado?" Gesoda aliuliza.

Eliwaza aliionyesha simu kwa kidevu. Wakajazana kuitazama, mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja alifunika macho kwa upande wa kanga. Gesoda aliirudia mara ya pili peke yake, ameinama mpaka pua inakaribia kugusa kioo, na aliponyanyuka alionekana mzee kuliko alivyoketi. Alikwenda mpaka alipokuwa Udahinda. Alisimama pale, akahamisha fimbo kutoka mkono huu hadi huu.

"Boma lako halijaguswa," alisema. "Nyumba yenu ipo."

"Nimesikia, shemeji," Udahinda alisema. Hakusema atarudi, hakusema hatarudi.

Gesoda akawageukia Eliwaza na Kagaruki. "Yaandike yote. Kama tuna mali ya watu vifuani, mwenye mali aje aidai hapa hapa, mbele yetu, tukiwa macho. Tusije tukadaiwa tumelala."

Watu walianza kunyanyuka kidogo kidogo. Wengine walipitisha viganja vifuani mwao, wengine wakawatazama watoto wao kwa namna mpya. Udahinda alikuja kumchukua mwanawe. Alinyoosha mikono, kisha akasita, akamtazama Eliwaza usoni, na Eliwaza akajua anaulizwa nini kabla hajaulizwa. Simu ilikuwa imeelekezwa uwanjani. Ilikuwa haijamrekodi yeye wala alichokishika. Katika dunia nzima, aliyejua ni yeye tu.

"Na huyu?" Udahinda aliuliza. "Naye aliimba?"

Upepo wa mbuga ulipita na harufu ya magadi. Mtoto alikuwa ameanza kuhangaika, anageuza kichwa, anatafuta.

"Ndiyo," Eliwaza alisema. "Naye."

Udahinda hakulia. Alimpokea, akaketi kwenye ngazi ya darasa, akafungua nguo yake. Halafu mkono ukasimama. Alilitazama ziwa lake, akalitazama kwa muda, kama anayekitazama kisima asichokijua. Mtoto akaanza kulia, kilio cha kawaida kabisa, cha njaa, kikipanda na kushuka.

Mama akamsogeza kifuani, akamnyonyesha.